Nahau ya Kiingereza: ushike maelezo, matawi au kazi ya lugha?

Mwalimu mwenzangu anayesomesha Kiingereza kidato cha tatu huko Wete kapata nafasi ya kwenda kusoma shahada chuo kikuu, Tunguu, Unguja. Ana likizo nzima kabla hajavuka bahari, na likizo hiyo anataka kujitayarisha kwa somo analoliogopa kuliko yote, muundo wa sentensi. Juzi aliniandikia: "Maalim, wananichanganya. Mmoja kanambia nianze na Chomsky. Mwengine kanambia Chomsky hamfai mwalimu wa skuli, nishike Halliday. Kaka yangu kanipa faili la kitabu lenye kurasa zaidi ya 1,700, kasema humu mna kila kitu. Nishike lipi?"

Nilimjibu kwa simu vipande vipande, mtandao ukikatika. Hapa namjibu kwa utuvu, yeye na kila mwenye suali kama lake.

Mzigo ulio nao tayari

Mtu wa Unguja au Pemba haanzi nahau ya Kiingereza mikono mitupu. Neno lenyewe nahau tumelipata chuoni, yaani madrasa, juu ya mkeka. (Skuli siku hizi wanafunzi wakisikia nahau wanafikiria misemo ya kupiga chuku na kupiga maji, mzee aliyekaa chuoni akisikia nahau anafikiria elimu ya maneno yanavyopangana na kuathiriana. Nami hapa nalitumia kwa maana ya mzee.) Wengi wetu tumepitia Ajurumiya, kile kijitabu cha Ibn Ajurrum wa Fes aliyefariki 1323, na tukazoea kuulizwa neno moja moja: hili kwa nini limekuwa marfuu, yaani lenye mwisho wa kiima? Nani aamili wake, neno lililoliathiri? Tukajua kuwa mwisho wa neno haubadiliki bure, kuna neno jengine lililoufanya ubadilike.

Halafu sekondari, kwenye Kiswahili, tukachanganua sentensi kwa jedwali, kwa mishale na kwa matawi: S (sentensi) juu, KN (kirai nomino) kushoto, KT (kirai kitenzi) kulia. Na kwenye Kiingereza tukakaririshwa nyakati 12, kila moja na mifano yake mitatu.

Huo ni mtaji, na kila kipande chake kitakufaa mahali na kukudanganya mahali. Nitaonesha wapi.

Sentensi ya nahodha

Njia zinazogombaniwa ni tatu. Ya kwanza ni sarufi ya maelezo, inayokusanya Kiingereza kinavyotumika na kukipanga. Ya pili ni sarufi zalishi ya Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, watu wa matawi, wanaochora sentensi kama mti. Ya tatu ni sarufi amilifu ya Halliday, inayouliza lugha inafanya kazi gani. Badala ya kuzisifia, nizipe zote sentensi moja tuone kila moja inaifanya nini:

"The captain called the sailor from the dhow."

Isome mara mbili. Mara ya kwanza nahodha yumo jahazini, anapaza sauti kumwita baharia aliyeko pwani. Mara ya pili baharia ndiye wa jahazini, na nahodha anaweza kuwa popote, hata barazani Malindi na kikombe chake cha kahawa. Kwa Kiswahili tungeweza kutenganisha mapema, "nahodha akiwa jahazini alimwita baharia" na "nahodha alimwita baharia wa jahazini", ingawa ukisema "alimwita baharia kutoka jahazini" umeingia mtego uleule.

Mtu wa maelezo atakwambia: katika maana ya kwanza sentensi ina sehemu nne, kiima, kitenzi, yambwa na chagizo. Katika ya pili ina tatu tu, kwa sababu "from the dhow" imemezwa ndani ya yambwa. Ataandika hivyo, atakupa mifano mengine 10 ya aina hiyo, atasonga mbele.

Mtu wa matawi atachora miti miwili. Katika mmoja "from the dhow" inaning'inia kwenye kirai kitenzi, katika mwengine inaning'inia ndani ya kirai nomino pamoja na baharia. Lakini hatakubali mchoro peke yake. Atakutaka ushahidi. Weka "him" mahali pa baharia: "The captain called him from the dhow." Maana ya pili imetoweka! Kiwakilishi "him" kinakalia kirai nomino kizima, kwa hiyo kilichobaki nje hakiwezi kuwa sehemu ya baharia. Igeuze kauli ya kutendwa: "The sailor from the dhow was called by the captain." Sasa maana ya kwanza ndiyo iliyotoweka, maana kilichohamia mbele kimehama na chake chote. Vipimo viwili, na hakuna aliyetumia neno nadhani.

Mtu wa amilifu atauliza suali jengine kabisa. Nani mtendaji, tendo gani, kwa nani, katika hali gani? Na kwa nini mwandishi kaanza na nahodha? Angeandika "From the dhow the captain called the sailor", utata ungekwisha, kwa sababu msomaji sasa anaanzia safari jahazini.

Wote watatu wamesema kweli. Lakini tazama walichokuachia: wa kwanza kakupa majina, wa pili kakupa vipimo, wa tatu kakupa sababu ya mwandishi. Ukishika hapo, vitabu vyao havitakupoteza.

Faili la kurasa 1,700

Faili alilopewa na kaka yake ni kazi ya Randolph Quirk na wenzake watatu, Greenbaum, Leech na Svartvik, iliyotoka 1985. Quirk alizaliwa Isle of Man, kisiwa kidogo baina ya Uingereza na Ireland, kwa hiyo naye ni mtu wa visiwani. Haihusu somo, ila mimi ilinipa moyo. Mwaka 1959 alianzisha mradi wa kukusanya Kiingereza kama kinavyosemwa na kuandikwa na watu, mazungumzo yao na barua zao, badala ya kukaa na kutoa amri za namna watu wanavyopaswa kusema.

Kitu kimoja tu ndani yake kingetosha kulipia likizo nzima: ile hesabu ya maumbo saba ya kishazi. Kwamba vishazi vya Kiingereza, uviondolee mapambo, hurejea kwenye maumbo saba. "The boat sank." "Asha bought cloves." "Asha is a teacher." "Asha lives in Wete." "Asha gave the child a mango." "They made Asha chairperson." "Asha put the cloves on the mat." Basi. Angalia ya nne na ya saba. Skuli tulifundishwa kuwa chagizo ni nyongeza, ukiitoa sentensi inabaki. Itoe kwenye ya saba: "Asha put the cloves." Imevunjika. Kitenzi "put" kinadai mahali kama kinavyodai yambwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiandika hivyo, wengi wetu tunachora mstari mwekundu bila ya kuwa na la kumwambia. Hapa unalo.

Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutega. Sisi tuna kauli ya kutendea: "Asha amempikia mama wali." Kwa Kiingereza "Asha cooked her mother rice", sawa, umbo la tano, yambwa mbili. Igeuze: "Mama amepikiwa wali." Kiswahili hakina shida, mama anapanda kuwa kiima. Kiingereza kwa "give" kinakubali, "The child was given a mango", lakini kwa "cook" wenyewe wengi wanasitasita, wanapendelea "Rice was cooked for her mother". Sasa mwanafunzi wangu mmoja, mtoto hodari, aliacha wali nje kabisa kwa sababu Kiswahili kinaruhusu kusema "Mama amepikiwa". Akaandika: "My mother was cooked." Darasa zima lilicheka isipokuwa yeye, naye alikuwa na haki ya kutocheka: kile kiambishi -i- kilichomwokoa mama kwenye chungu, Kiingereza hakina. Kazi yake inafanywa na "for" na mpangilio wa maneno.

Sarufi ya maelezo itakuvunjia pia nyakati zako 12, ujitayarishe. Quirk na wenzake wanasema kitenzi cha Kiingereza kina njeo mbili tu, yaani nyakati zinazoonekana kwenye umbo la kitenzi, iliyopo na iliyopita. "Will" si njeo, ni ndugu wa "can", "may" na "must". Sisi tuna -ta- ndani ya kitenzi, tunaona uzito kuamini. Lakini angalia umbo lenyewe: "walk" hugeuka kuwa "walked", hakuna herufi inayoongezwa kitenzi kikaelekea kesho. Na "He will be in Chake by now" haizungumzii kesho hata kidogo.

Udhaifu wa njia hii? Ni ghala. Kila kitu kimo, kimepangwa, na hakuna anayekwambia kwa nini. Mimi nilifanya kosa la kulisoma lile buku kutoka ukurasa wa kwanza, kama riwaya, nikakwama kwenye sura za kirai nomino na nisilifungue tena miezi mitatu. Lisomwe kama kamusi: umepata sentensi iliyokushinda, ingia, itafute, toka. Tena si wahyi. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum walitoa jengine la ukubwa kama huo 2002, na wanapingana na Quirk mahali pengi. Mfano, "before". Mapokeo yanasema katika "before the rain" ni kihusishi, na katika "before the rain stopped" ni kiunganishi. Huddleston na Pullum wanauliza: mbona "remember" haibadiliki jina? "I remember the rain", "I remember the rain stopped", zote ni kitenzi. Kwa nini "before" ibadilishwe jina kwa sababu tu kinachoifuata ni kishazi? Kwao ni kihusishi kote. Wana pia toleo fupi la wanafunzi, la 2005, na hilo ndilo ningempa mtu asiyekuwa na nafasi kwenye simu yake wala subira.

Matawi, na kwa nini watu wanayaogopa

Chomsky alitoa kijitabu chake kidogo 1957, na tangu hapo mti wa sentensi umekuwa alama ya kazi yake. Ile KN na KT tuliyochora skuli ina asili ya wakati huo. Basi kwa nini mwanafunzi aliyepata alama nzuri kwenye matawi ya Kiswahili anafika chuo kikuu anaanguka? Nilianguka mimi, kwa hiyo najua. Skuli, mti ni jibu: umechora, umeweka majina, umemaliza. Chuo kikuu, mti ni dai. Mhadhiri wangu wa kwanza aliurejesha mti wangu, mzuri, mistari imenyooka kwa rula, na chini yake kaandika neno moja tu: "Kwa nini?" Nilikasirika wiki nzima. Sikuwa nimewahi kuulizwa kwa nini tawi liko pale.

Ajabu ni kwamba chuoni nilikuwa nikiulizwa kila siku. Aamili wake nani? Ndiyo suali lilelile. Mwaka 1981 Chomsky alitoa toleo la nadharia yake ambalo nusu ya jina lake ni utawala, maana yake neno moja kulitawala jengine na kulipa hali yake. Mwenye Ajurumiya kichwani asome hapo pole pole, atahisi kama karudi kwenye mkeka. Chukua "I consider him honest." Kimaana, "him" ndiye mwenye kuwa mwaminifu, ni kama kiima cha sentensi ndogo, "he is honest". Mbona basi ni "him" na si "he"? Kwa sababu "consider" imeingia juu yake ikamtawala. Sasa kumbuka dhanna (alidhani) na dada zake: vitenzi vinavyoingia juu ya mubtadaa na khabari, yaani jina linaloanza na kinachosemwa juu yake, vikazifanya zote mbili mansubu, hali ya yambwa, vikazichukua kama mafuuli zake, yambwa zake. Dhanantu Zaydan qaaiman, nilimdhani Zaydi amesimama. Tatizo ni lile, na jawabu linakaribiana sana. Wanahau wa Basra akina Sibawayhi, aliyefariki karibu na 796, walikuwa wakilijadili karne 11 kabla ya Chomsky kuzaliwa 1928.

Lakini chuo kitakudanganya pia. Chuoni sentensi ikianza na jina, jina hilo ni mubtadaa. Ikianza na kitenzi, jina linalofuata ni faili, yaani mtendaji. Ukiibeba kanuni hiyo mpaka Kiingereza, utaita kiima kila kilichotangulia. "On the bench were two fishermen." Nini kiima? Kilichotangulia ni benchi. Lakini kitenzi ni "were", kimefuata wavuvi wawili waliokaa nyuma. Na Kiswahili kinazidi kukuvuta upande huohuo, maana sisi tunasema "Barazani kumekaa wavuvi", na ku- imefuata baraza! Kiarabu cha chuoni na Kiswahili vyote vinakwambia angalia mwanzo, Kiingereza kinakwambia angalia upatanisho.

Jengine ambalo matawi yanaeleza vizuri kuliko njia nyengine: kosa la "it" ya ziada. Miaka yote nimesahihisha "The boat that the fishermen sold it sank." Linatoka wapi? Linatoka "Chombo walichokiuza wavuvi kilizama." Kwetu -cho- inarejesha na -ki- inakaa pale kama yambwa, na hakuna aliyekosea. Kiingereza kinataka yambwa ihame, iache pengo baada ya "sold", na pengo hilo lisijazwe. Mwanafunzi anayejaza "it" hajakosa akili, anafuata kanuni ya kwao. Nilipoanza kuwachorea watoto pengo ubaoni kwa chaki nyekundu, duara tupu, kosa lilipungua. Halikwisha, lilipungua.

Na upande wa pili wa jambo hilohilo, kiti cha kiima. Kwa Kiingereza hakiruhusiwi kukaa kitupu, hata kama hakuna wa kukikalia. Ndiyo maana ya "It is raining", ambapo "it" si mvua, si mbingu, si chochote, kazi yake ni kukalia kiti. Sisi kitenzi chetu kina kiambishi cha kiima ndani yake tayari, kwa hiyo mtoto anaandika "Is raining" na anaona kamaliza.

Hebu nikuoneshe mchezo mmoja nilioupenda mpaka leo. Sarufi ya Kiingereza inaruhusu hii: "The boat the fishermen the officer fined sold sank." Isome kwa Muingereza aliyesoma, atakunja uso, atakwambia si Kiingereza. Lakini kanuni haikuvunjwa hata moja. Vishazi viwili vimewekwa kimoja ndani ya chengine, na kichwa kinalemewa kwa sababu vitenzi vitatu vimerundikana mwishoni, "fined sold sank". Watu wa matawi wanaitumia kutenganisha vitu viwili: ujuzi wa lugha alio nao mtu, na uwezo wa kichwa chake kuutumia kwa wakati mmoja. Sasa iseme kwa Kiswahili: "Chombo walichokiuza wavuvi aliowatoza faini ofisa kilizama." Nzito kidogo, lakini inapita! Kwa nini? Kwa sababu katika kishazi chetu cha rejeshi kitenzi kinatangulia, mwenyewe anafuata, kwa hiyo kila jina la ndani linapata kitenzi chake pale pale na hakuna rundo linalosubiri mwisho. Niliigundua sentensi hiyo ndani ya boti ya Mkoani, bahari ikiwa mbaya, nikakisahau kichefuchefu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba nyumba haiachi kujengwa. Kitabu cha miaka ya 60 kitaweka S juu ya mti. Cha miaka ya 80 kitaweka IP (inflection phrase). Cha baadaye TP (tense phrase). Kirai nomino kilikuwa NP (noun phrase), halafu baada ya tasnifu ya Steven Abney ya 1987 wengi wakageukia DP (determiner phrase), kidhihirishi, neno kama "the", ndicho kichwa. Mwaka 1995 Chomsky mwenyewe alibomoa sehemu kubwa ya alichojenga 1981, pamoja na ule utawala niliousifia hapo juu. Mwanafunzi anayepakua faili tatu kutoka mtandaoni bila kutazama mwaka, atachora mti wenye miguu ya kitabu kimoja na kichwa cha chengine. Kwa hiyo kabla ya ukurasa wa kwanza, tazama mwaka. Kabla ya mtihani, muulize mhadhiri anatumia toleo gani, na ulifuate hilo hata kama umependa jengine.

Halliday, kwa ufupi kuliko anavyostahiki

Michael Halliday, mzaliwa wa Leeds 1925, alianza na Kichina kabla ya Kiingereza, akaishia Sydney ambako alifariki 2018. Kwake kila kishazi kinafanya kazi tatu kwa pamoja: kinaeleza tukio, kinaweka uhusiano baina ya msemaji na msikilizaji, na kinajipanga ndani ya maandishi.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonifaa darasani. Anaita sehemu ya mwanzo ya kishazi mada, mahali pa kuanzia safari, na inayobaki ni kinachosemwa juu yake. Mwanachuo atasema: hiyo si mubtadaa na khabari? Karibu sana, ndiyo. Ile tabia iliyokupoteza kwenye kutafuta kiima hapa inakuokoa.

Chukua insha ya mtoto wa Pemba juu ya karafuu. Sentensi zake zote sahihi, na insha imekufa. Piga mstari chini ya mwanzo wa kila sentensi: Cloves, Cloves, Cloves, They, They, Cloves. Sarufi ya maelezo haina la kusema, hakuna kosa. Matawi hayana la kusema, kila mti umesimama. Halliday anakuonesha kuwa insha haikuondoka bandarini. Mwambie mtoto sentensi ya pili ianze na kile kilichomalizia ya kwanza, uone inavyotembea.

Na kuna ile mbinu ya kugeuza tendo kuwa jina, ambayo Kiingereza cha kitaaluma kimejaa. "The farmers dried the cloves badly, so the price fell" ni hadithi. "Poor drying led to lower prices" ni ripoti. Magazeti yetu yanafanya hivyohivyo, "ukaushaji mbaya ulisababisha kushuka kwa bei", na mkulima katoweka. Ukishaiona huwezi kuacha kuiona.

Ugumu wake ni majina. Kila kitu kina jina jipya, na mengi yana mipaka laini. Walimu wawili wanaweza kuchambua sentensi moja na kutofautiana, wote wakawa na hoja. Mtu anayetaka vipimo kama vile vya "him" atachoka.

Basi ushike lipi

Kama unarudi darasani kidato cha pili Jumatatu, shika maelezo, toleo fupi, na uanze na yale maumbo saba. Hutojuta.

Kama kazi yako ni kuandika, kutafsiri au kusahihisha ripoti za ofisi, nenda kwa Halliday moja kwa moja, sura za mada tu, mengine yatakuja yakihitajika.

Kama unakwenda Tunguu au popote kusoma shahada, matawi yatakusubiri mlangoni, upende usipende. Lakini nilimshauri yule mwenzangu asianze nayo. Nilimwambia atumie wiki 6 kwenye maelezo, kila siku sentensi 5 kutoka kwenye gazeti la Kiingereza, atafute maumbo yake, halafu ndiyo aguse mti. Watu wa nadharia wanagombana juu ya data, na asiyeijua data anahudhuria ugomvi wa watu asiowajua. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nao kila wakikwama hurejea kwenye sentensi.

Akanijibu usiku: "Maalim, ahsante, lakini nimeshaanza matawi. Ile sentensi ya nahodha nimeichora mara mbili na nimefanya kipimo cha him. Sasa nauliza: nikisema 'The captain called the one from the dhow', hiyo 'one' imekalia nini? Si kirai nomino kizima, maana 'the' imebaki nje na 'from the dhow' imebaki nje."

Nimekaa na ujumbe huo. Kafika peke yake, bila mwalimu, kwenye kitu ambacho mimi sikukiona mpaka mwaka wa pili: kwamba baina ya nomino tupu na kirai nomino kizima kuna ngazi ya katikati, na watu wa matawi wameipa tawi lake. Skuli hatukuichora. Kule tulikuwa na KN, kisha moja kwa moja N, kana kwamba nyumba ina paa na sakafu tu.

Nimemfutia zile wiki 6. Nimemwambia aendelee na mti, na faili la kaka yake aliweke wazi pembeni.